Mama Ndoo Mbili na Bomba Hamsini na Saba

Tarehe thelathini ya mwezi huu, siku ya Ijumaa, fundi mkuu wa bodi yetu ya maji atarudisha funguo za stoo, atatia saini panapotakiwa, kisha atakwenda zake nyumbani. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Nimehesabu mwenyewe, kwa sababu faili lake liko kwenye kabati langu. Majirani wanamwita Mama Ndoo Mbili. Sisi ofisini tunamwita Fundi, na asipokuwepo tunamwita Mama Ndoo Mbili kama watu wengine.

Nimeombwa niandike mazuri tu, kwa jarida letu la ofisi. Meneja alisema ukurasa mmoja na nusu unatosha, pamoja na picha. Fundi kwa upande wake alinionya kwamba nikikiruka kile kisa cha chupa, atakuja kukiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Nimemsikiliza Fundi. Meneja amenijua miaka mitano, Fundi amenijua ishirini na miwili, na anajua ninakoficha biskuti.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, awe msoma mita. Bodi yetu ni ndogo: kisima kirefu kimoja, tangi moja mlimani, nyumba mia nne na kumi na mbili, na wafanyakazi saba ukimhesabu mlinzi. Mahali padogo kama hapa hakuna anayefanya kazi moja. Msoma mita akajikuta ameshika spana, mara yuko juu ya tangi, mara anapima klorini. Alipewa mabuti ya mpira ya mwanamume aliyekuwa ameacha kazi, namba kumi, akayajaza magazeti kwenye vidole na kuyavaa miaka miwili bila kulalamika. Alilalamika mwaka wa tatu, na alilalamika kwa maandishi. Barua hiyo ninayo.

Fundi mkuu wa wakati ule alikuwa bwana mmoja mnene, mkali, mwenye kujua kazi. Alitangaza mbele ya watu kwamba mwanamke hawezi kuingia shimo la valvu. Msoma mita akaingia, akafunga valvu, akatoka. Bwana mkubwa akaingia kukagua, na tumbo likakataa kutoka. Aliyemvuta mikono hadi akatoka ni yule yule msoma mita, na kwa heshima yake hakucheka mpaka alipofika nyumbani. Toka siku hiyo bwana yule akamfanya mwanafunzi wake na kumfundisha kila alichokijua. Katika hayo mengi mlikuwa na kosa moja, ambalo yeye mwenyewe hakujua kuwa ni kosa. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri.

Yapo mengine ambayo ningeweza kuyajazia gazeti zima. Mwaka pampu ilipoungua, Fundi alishinda kisimani siku tatu, akila kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umejaa grisi. Mbwa wa nyumba ya kona, aliyewang'ata mameneja wawili waliopita, yeye humlalia miguuni. Aliwahi kualikwa chakula cha mchana kwa wifi yake, wageni wakakaa, sahani zikapangwa, mwenyewe akatafutwa. Alikutwa chini ya sinki, tochi mdomoni, anakwaruza bomba. Wifi yake hajamwalika tena, ila bomba lile lilikuwa bovu kweli.

Sasa kile kisa.

Kila mwezi tunachukua sampuli za maji kupima vijidudu. Kwa kazi hiyo unachoma mdomo wa koki kwa moto, unaacha maji yatiririke mpaka yatulie, ndipo unajaza chupa. Ndivyo inavyotakiwa. Fundi alifundishwa hivyo na bwana mkubwa, naye akaongeza uungwana wake: hakutaka maji ya mtu yapotee bure, basi alikuwa anatembea na ndoo mbili. Zikijaa zote mbili, anamkabidhi mwenye nyumba akafulie, kisha anajaza chupa yake. Akina mama walimpenda kwa hilo, na jina likamganda hapo.

Tulipoanza kutakiwa kupima na madini ya risasi, alifanya vile vile. Nani angemwambia vinginevyo? Lakini risasi haitoki kisimani. Inatoka kwenye bomba lenyewe, yale mabomba laini ya kijivu yaliyofukiwa zamani, kabla hata ya mmoja wetu kuzaliwa, kuunganisha bomba kuu la barabarani na nyumba. Maji yakilala humo usiku kucha, yanalila bomba kidogo kidogo. Kwa hiyo chupa inatakiwa ijazwe maji ya kwanza kabisa ya asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua koki. Ukimwaga ndoo mbili kwanza, umemwaga kile kile ulichokuja kukitafuta. Na hutakiona, hata ukipima miaka tisa.

Alipima miaka tisa. Kila mara barua ya maabara ilirudi na neno "salama", nami nikaipiga mhuri na kuipanga kwenye faili. Sikuuliza. Mtu akisoma haya asimwone Fundi peke yake, na mimi anione pale na mhuri wangu mkononi.

Miaka mitatu iliyopita maabara walipata mtaalamu mpya, kijana mdadisi, akapiga simu ofisini. Aliuliza maji ya sampuli zetu hulala kwenye bomba kwa saa ngapi. Sikujua, nikamwita Fundi aliyekuwa stoo. Alishika simu kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake.

"Hayalali, mwanangu. Mimi humwaga kwanza, ndoo mbili nzima."

Yule kijana alieleza, polepole, kwa adabu. Nilimwona Fundi akitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka. Akarudisha simu. Alichukua daftari la sampuli, akapitisha kidole kwenye ukurasa mmoja baada ya mwingine, na kidole kikasimama kwenye chekechea. Watoto thelathini na wanane. Mpishi wa pale ndiye hufika wa kwanza asubuhi, na maji ya kwanza kutoka kwenye koki huingia moja kwa moja kwenye sufuria ya chai ya watoto. Mjukuu wa Fundi, mtoto wa binti yake wa pekee, alikuwa mmoja wa watoto hao. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka kuandikishwa.

Jumatatu iliyofuata alikuwa mlangoni pa chekechea kabla ya mpishi. Maji yalikuwa yamelala Jumamosi na Jumapili yote. Hakubeba ndoo. Alijaza chupa, akamsihi mpishi asifungue koki ile mpaka apate jibu, na toka asubuhi hiyo maji ya chekechea yakawa yanaletwa kwa mkokoteni kutoka tangini, madumu sita kila siku. Majibu yalichukua siku tisa. Sijawahi kuziona siku ndefu kama zile. Barua iliposema kwamba kiwango kilikuwa mara tatu ya kinachoruhusiwa, aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaomba maji ya kunywa, halafu akakumbuka, akaacha.

Hapo ndipo mtu mwingine angetafuta pa kujificha, na pa kujificha palikuwepo. Meneja, ambaye nia yake ilikuwa njema, alikwisha kuandaa tangazo la wananchi. Lilisema kwamba bodi imebaini changamoto za kiufundi katika utaratibu wa sampuli. Fundi alilisoma mara mbili, akaliweka mezani.

"Changamoto haikushika chupa," alisema. "Niliyeshika ni mimi. Andika nilipima vibaya miaka tisa, na uweke jina langu."

Tangazo likabandikwa hivyo hivyo, kwenye ubao wa ofisi, zahanati, dukani na chekechea. Nilidhani watu wangempiga mawe. Wako waliomsema, na wengine walimsema sana, mama mmoja hasa alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la ofisi. Alisimama akayasikiliza yote mpaka mwisho, kisha akamwomba mama yule ruhusa ya kuingia kuangalia bomba lake. Akaruhusiwa. Sisi wenzake tuliona vyema tuache kumwita Mama Ndoo Mbili, kwa huruma. Alitushtukia wiki ile ile, akatuamuru turudi kwenye jina lake la zamani, kwa kuwa anataka kulisikia kila siku asije akasahau.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua mabomba ya risasi yako wapi. Kadi zetu za nyumba karibu zote zimeandikwa "chuma", kwa mwandiko wa makarani walionitangulia, na sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kuinama kutazama. Fundi akaanza nyumba ya kwanza mpaka ya mia nne na kumi na mbili, na sumaku iliyofungwa kwenye uzi, na sarafu ya kukwaruzia. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma. Ikikataa, unakwaruza: shaba itaonyesha wekundu wake, na risasi itakwaruzika kirahisi na kung'aa mahali palipokwaruzwa. Alipiga magoti kwenye majiko na mabafu ya mji mzima, na kwa kuwa magoti yake ni ya miaka mingi, aliyafunga mito ya viti kwa kamba. Alionekana kituko. Hakujali.

Njiani ilibidi apambane na elimu ya mtaani. Watu walisikia maji yana kitu kibaya, wakaanza kuyachemsha kwa bidii zote. Ilimlazimu aeleze nyumba kwa nyumba kwamba vijidudu vinakufa kwa moto, lakini risasi haifi. Maji yakipungua kwenye sufuria, risasi inabaki pale pale, imezidi kukolea. Mpaka bomba libadilishwe, watumie maji ya tangini kwa kunywa na kupikia, na hasa kwa maziwa ya watoto wachanga. Alisema hayo mara nyingi mpaka sauti ikamkauka, na wiki moja akawa anayaonyesha kwa vitendo, na mimi namsemea kama mkalimani.

Zikapatikana nyumba hamsini na sita, na chekechea ya hamsini na saba.

Chekechea tukaianza. Mtaro ukachimbwa ndani ya wiki tatu, bomba la kijivu likatolewa, la plastiki likawekwa, tukapongezana. Fundi akapima, asubuhi, maji yaliyolala. Risasi ilikuwepo bado. Imepungua, lakini ipo. Sote tulichoka moyo siku hiyo, na nakiri mimi nilisema labda maabara wamechanganya chupa. Fundi alikwenda akasimama pembeni ya barabara mbele ya chekechea, muda mrefu, akitazama lami. Tulikuwa tumeunganisha bomba jipya kando ya barabara ili tusivunje lami ya watu. Akasema tuvunje. Chini ya lami, pale bomba la nyumba linapokamata bomba kuu, palikuwa na kipande kimoja kilichopinda kama shingo ya bata, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Sumaku ilikataa. Sarafu ikang'arisha. Hakuna kadi iliyokitaja, kwa sababu aliyekiweka alikwisha kufa pengine kabla kadi hazijaanza.

Kikatolewa. Wiki mbili baadaye maabara waliandika kwamba hawakuona risasi yoyote. Nilimpigia simu mwalimu wa chekechea, na mpishi akafungua koki iliyokuwa imefungwa kwa miezi minne.

Toka hapo ikawa sheria kwake, na sasa ni sheria ya bodi: bomba la risasi linatolewa lote, kutoka bomba kuu mpaka kwenye koki, shingo na vyote. Nusu haikubaliki, maana ukilikata katikati unalitikisa, na vumbi lake linaingia kwenye maji. Kwa sheria hiyo aliwavunjia watu sakafu. Fundi cherehani wa mtaa wa chini alikuwa wa mwisho kukubali. Alikuwa na sakafu ya saruji aliyoisugua kwa miaka thelathini, nyekundu, unajiona. Fundi alikwenda kwake mara saba. Ya saba hakuongea. Alichukua chaki ya mwenyewe ya kukatia nguo, akapiga magoti na kuchora sakafuni bomba linapopita: mlangoni, chini ya cherehani, chini ya kitanda cha mke wake aliyekuwa mjamzito wakati ule, hadi jikoni. Bwana yule alitazama mchoro, akasogeza cherehani mwenyewe. Sakafu tuliirudishia mwezi uliopita, nyekundu, na anasema haijafanana. Hiyo ilikuwa nyumba ya hamsini na sita. Hakuna tena bomba la risasi katika mji huu, na naandika sentensi hii nikiwa nimeshusha pumzi.

Lakini mabomba yalikuwa nusu ya mzigo wake, na hii nusu ya pili ndiyo iliyomfanya asiombe likizo hata siku moja kwa karibu miaka mitatu.

Wiki ile ya majibu ya kwanza, watoto wote thelathini na wanane walipelekwa zahanati wakapimwa damu. Thelathini na wanne walikuwa chini ya kiwango cha kutia wasiwasi. Wanne walizidi. Mjukuu wake alikuwa wa pili katika orodha ya wanne hao. Muuguzi alieleza wazazi bila kupamba maneno: risasi haina faida yoyote mwilini mwa mtoto, inaweza kumpunguzia akili na utulivu, na dawa kubwa kuliko zote ni kuizuia isiendelee kuingia. Chanzo kikiondolewa, damu husafika taratibu. Watapimwa kila baada ya miezi michache, wale vizuri, na walimu wawatazame masomoni. Binti yake Fundi aliuliza kama mtoto atapona. Muuguzi alisema tutaona, na Fundi, aliyekuwa nyuma yao, alitoka nje.

Binti yake hakuongea naye kwa miezi kadhaa. Nalisema hili kwa ruhusa ya wote wawili. Fundi hakulazimisha. Kila tarehe ya kupima ilipofika alikuwa benchini pale zahanati kabla ya mtu yeyote, akiwapokea wazazi wa watoto wote wanne, na binti yake alipoingia alisogea kumpisha tu. Kipimo cha pili, damu ya wote ilishuka kidogo. Cha tatu, ya mmoja ikagoma kushuka, wakagundua mtoto huyo hushinda kwa nyanya yake, na nyumba ile ilikuwa ya arobaini kwenye orodha yetu. Kesho yake asubuhi ikawa ya kwanza. Cha nne, binti yake alikaa naye benchi moja. Sikuuliza walizungumza nini, ingawa mnajua jinsi ninavyopenda kuuliza.

Barua ya kustaafu ilipofika mwezi wa tatu, Fundi aliniuliza kama tarehe inaweza kusogezwa. Nilimwambia haiwezi. Akasema basi ana hadi tarehe thelathini. Nilijua anachosubiri, kwa maana kipimo cha mwisho cha wale wanne kilipangwa Jumanne iliyopita, na muuguzi alikuwa amesema wakiwa wote chini ya kiwango atafunga faili lao.

Jumanne nilimsindikiza. Watoto wamekuwa wakubwa, wako darasa la pili, walikuwa wanasukumana kugombea mizani. Wazazi wamejaa chumbani. Muuguzi aliingia na karatasi nne na, kwa wema wake, akaanza kutafuta ya mjukuu wa Fundi ili aisome kwanza. Fundi alimzuia.

"Anza na wale watatu," alisema. "Wangu muweke mwisho."

Muuguzi alisoma wa kwanza: chini ya kiwango. Wa pili, chini. Wa tatu, yule ambaye damu yake iligoma, chini, na mwalimu wake ameandika kwamba anasoma vizuri. Kila alipomaliza, Fundi alimgeukia mzazi wa mtoto huyo na kumtazama usoni mpaka mzazi akatikisa kichwa kwamba amesikia. Kisha akakaa, mikono magotini. Karatasi ya nne ilisomwa na binti yake. Aliichukua kwa muuguzi, akaisoma moyoni kwanza, akampa mama yake, na kidole chake kikaonyesha namba.

Fundi hakuwa na miwani. Hana miwani kila siku anapoihitaji. Akamwomba binti yake aisome kwa sauti, na binti yake akaisoma.

Nimefanya kazi na mwanamke huyu miaka ishirini na miwili. Nimemwona shimoni, nimemwona juu ya tangi kwenye upepo, nimemwona akitukanwa. Sikuwahi kumwona analia. Jumanne alilia mpaka mjukuu wake akaacha mizani, akaja kumuuliza nani amempiga.

Fundi, kwa niaba ya wafanyakazi sita wanaobaki, wenye nyumba mia nne na kumi na mbili, na watoto ambao hawatakumbuka lolote kati ya haya, tunakushukuru. Chukua siku zako zote zilizobaki, uzitumie unavyotaka, na afya iwe nawe. Muuguzi amefunga faili, na jana ameniletea nakala. Nimeisoma yote, mstari kwa mstari, na nimeuliza maswali mawili kabla ya kupiga mhuri.